Maji ya Kwenguzi Yalikuwa Yanakwenda Wapi

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu huku herufi moja ikikosekana, kisha Zawadi akaniomba niwaandikie mambo ya kazi "kwa ajili ya sisi wadogo". Nilikubali kwa sababu kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, na mtu akishashika kipaza sauti huahidi lolote. Haya, natimiza. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vimo kwenye mafaili, na mishahara ya enzi zile nikiitaja mtacheka mpaka mmwage chai. Nitaandika juu ya maji, na hasa juu ya ndiva moja ambayo niliitengeneza vizuri mno.

Mimi ni mtu wa Ndungu. Nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, miguu ndani ya maji tangu sijajua kusoma, kwa hiyo nilipomaliza chuo cha umwagiliaji nilijiona nayajua maji kuliko walimu wangu. Niliripoti ofisini Same nikiwa nimevaa mabuti mapya ya mpira, makubwa kidogo kuliko mguu. Mkubwa wa ofisi akaisoma barua yangu, akanitazama, akaisoma tena, akauliza, "Sasa huyo Bwana Maji mwenyewe anakuja lini?" Nikamwambia ndiye huyu. Vijijini napo hawakuwa na jina la kuniita. Miaka miwili ya mwanzo wazee wa milimani walinipokea kwa "Karibu, Bwana Maji", bila kucheka. Baadaye walinibadilishia wakaniita Mama Maji, na wakati huo sina mtoto hata mmoja.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Mgonja, fundi mkongwe wa ofisi, mtu ambaye maneno kwake yalikuwa kama sukari ya mgao. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kupima kwa darubini ya miguu mitatu. Yeye alikuwa na mpira mwembamba wa kuona maji ndani, wa kupimia usawa, vigingi vya mti kumi na viwili, na fimbo ya mninga aliyoichonga alama kwa kisu, kila alama upana wa vidole vinne. Nilimdharau siku ya kwanza. Siku ya tatu darubini yangu na mpira wake vilitofautiana kwenye mfereji mmoja juu kule Kighare, tukafungulia maji, nayo yakafuata mpira wake. Yeye alikaa chini, akafungua kande yake kwenye kibakuli, akanikatia nusu kwa kijiko.

Agizo alilonipa lilikuwa moja, na alilirudia kila tulipopewa mfereji mpya: "Usiguse kitu kabla hujayafuata maji mpaka yaishe." Basi tulikuwa tunatembea. Tunaanzia kwenye banio, pale mfereji unapoyachota maji mtoni, tunashuka nao kwenye miamba, migombani, nyuma ya vyoo vya watu, mpaka shamba la mwisho. Wakati mwingine siku nzima inaisha na hatujagusa hata jiwe. Wenzangu wa ofisini walidhani nimepewa kazi ya kutembezwa.

Kwa ninyi mliotoka mbali: ndiva ni bwawa dogo ambalo Wapare wa zamani walilichimba mlimani, likakingwa kwa tuta la udongo. Mfereji unalijaza usiku kucha, asubuhi wanachomoa kizibo, gogo lililozungushiwa maganda ya mgomba, na maji yanakwenda shambani kwa mwenye zamu. Zamu hupangwa na mgawa maji, na mgawa maji huogopwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Tope likijaa, linapigwa pembe, watu wote wanaingia msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kulizoa. Asiyeingia msaragambo hapati zamu hata awe nani. Nimeshuhudia mchungaji akinyimwa maji kwa kukosa siku mbili, na mahubiri ya Jumapili iliyofuata yalikuwa mafupi sana.

Mzee Mgonja alistaafu, akaniachia ile fimbo. Mwaka uliofuata, wafadhili fulani wakaleta saruji kwa ajili ya ndiva ya Kwenguzi, kijiji kilichokaa juu kabisa ya nyanda za Makanya, nami nikapewa kazi hiyo peke yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na nilitaka watu waone.

Ndiva ya Kwenguzi ilikuwa inavuja. Hilo halikuwa na mjadala. Ikifungwa imejaa, ikifunguliwa imepungua, na mashamba manne ya mwisho yalikuwa yanaona maji kwa macho tu. Shamba la mwisho kabisa lilikuwa la Mzee Elisante, mgawa maji mwenyewe. Mtu huyo aligawia wenzake maji kwa haki kwa miaka yote na mahindi yake yakakauka kila mwaka, na hakuwahi kujipendelea hata nusu zamu. Nilimheshimu, nikaapa atapata maji. Nilipima, nikachora, na kwenye ripoti nikaandika kwa herufi za kupendeza, "Upotevu wa maji kupitia sakafu ya ndiva", na mbele yake nikaweka hesabu.

Niliyafuata maji kama nilivyofundishwa. Nilianzia kwenye banio nikafika shamba la Mzee Elisante, nikaona mtaro unakufa kwenye majani, nikageuka.

Tukamwaga saruji sakafu nzima na kuta. Ilikuwa kazi safi, nasema bila haya; hata leo mkienda mtaona kuta zile hazina ufa. Siku ya kumalizia, plasta ikiwa bado mbichi, nilichukua msumari nikaandika herufi za jina langu na mwaka kwenye kona ya sakafu ya upande wa chini. Maji yalipojaa yakanifunika jina, lakini mimi nilijua lipo. Msimu ule Mzee Elisante alivuna mahindi kwa mara ya kwanza tangu aoe. Aliniletea debe moja ofisini kwa basi, na barua ya asante iliyopigwa muhuri wa ndiva. Ndiva ilikuwa na muhuri. Sisi Wapare tunasingiziwa kupenda kesi, lakini kupenda mihuri hatusingiziwi.

Kiangazi cha pili baada ya hapo, niliingia ofisini asubuhi nikamkuta mama mmoja kwenye benchi, kidumu cha lita tano kikiwa katikati ya miguu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mwenye herufi hizi." Akanitajia herufi za jina langu. Alikuwa amepanda mpaka Kwenguzi, akakuta ndiva imefunguliwa, akazisoma kwenye sakafu.

Nikamwambia ni mimi. Akanyanyua kidumu akakiweka juu ya meza yangu, juu ya michoro. Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, hata nusu hayakufika.

"Haya ndiyo ya leo. Nimeyachota tangu jogoo la kwanza. Mimi naitwa Mama Nakunda, wa Mkuyuni."

Mkuyuni nilikisikia, kitongoji kidogo chini ya mlima, njia ya Makanya, lakini sikuwahi kufika kwa sababu hapakuwa na mfereji. Palikuwa na chemchemi tu.

"Chemchemi yetu imekufa, mwanangu. Haijawahi. Mwaka wa njaa ile kubwa ilitoa. Nikauliza huko juu pamefanywa nini, nikaambiwa kuna Bibi ameweka sakafu."

Nilimjibu kitaalamu. Nilimwambia mvua zimepungua kila mahali, miti imekatwa, na kwamba kutoka ndiva ya Kwenguzi hadi Mkuyuni ni mwendo mrefu, hakuna mtaro unaoviunganisha. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Mume wangu nimemzika pale pale," akasema. "Watu wameshaanza kufunga mizigo. Mimi nitahama na kaburi?"

Akaondoka akaniachia kidumu. Kilikaa mezani siku mbili, tope likatulia chini, na nilishindwa kufanya kazi nyingine yoyote. Siku ya tatu nilikwenda kwa Mzee Mgonja, nikamkuta anapalilia maharage. Nikamweleza yote. Hakuacha kupalilia.

"Ulifuata mpaka wapi?"

"Mpaka shamba la mwisho, mzee."

"Na maji yaliishia hapo?"

Nikasema ndiyo, na hapo hapo nikasikia nilivyosema. Yeye akasogea tuta la pili. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Kesho yake nilianzia kwenye sakafu yangu mwenyewe nikashuka pale pasipo na mtaro. Niliingia kwenye mshitu, kile kipande cha msitu cha ukoo ambacho hakuna anayekata hata kuni, na chini yake nikakuta majani ya mahali penye majimaji yamenyauka, konokono wamekauka kwenye mawe. Nikashuka zaidi, mabonde mawili madogo, kila moja lina alama ya unyevu wa zamani. Saa sita na nusu nikatokea Mkuyuni, kwenye shimo la chemchemi, wanawake wamekaa foleni na kata mikononi, wanasubiri shimo litoe jasho. Sikuhitaji darubini. Yale niliyoyaandika "upotevu" yalikuwa yanatembea chini ya ardhi kuja kwa watu hawa, miaka yote, na hakuna aliyekuwa amewagongea muhuri. Nilikaa kwenye jiwe nikalia, wanawake wakanitazama, mmoja akanipa maji katika kata. Nilikunywa. Sijawahi kunywa maji kwa aibu namna ile.

Kujua kosa ni jambo moja. Kwenguzi walikuwa wameonja mahindi. Niliitisha mkutano kwenye tuta la ndiva, nikampandisha Mama Nakunda, nikaeleza nilichokiona na nikasema nataka kuvunja sehemu ya sakafu. Kelele zilizopigwa siku ile zilisikika nadhani mpaka stesheni ya reli.

Mzee Elisante alisubiri watulie. Alisimama na daftari lake kwapani.

"Mama Maji, wewe ulikuja hapa ukatuambia maji yanapotea. Tukakuamini. Leo unatuambia hayakupotea. Kesho utatuambia nini?"

Akamgeukia Mama Nakunda.

"Na wewe mama wa Mkuyuni, pole sana, nakuhurumia kwa moyo wote. Lakini ndiva hii haigawi kwa huruma. Ingekuwa inagawa kwa huruma, mimi ningekuwa na mahindi tangu ujana."

Mama Nakunda akauliza kwa upole, "Inagawa kwa nini, baba?"

"Kwa tope. Anayeingia tope anaandikwa. Anayeandikwa ana zamu. Tangu babu zetu, hakuna aliyezoa tope la ndiva hii akanyimwa maji, na hakuna asiyezoa akapewa."

"Awe wa wapi?"

"Awe wa popote!" Mzee Elisante alijibu kwa fahari, kama mtu anayesoma katiba. "Tope haliulizi kabila."

Mama Nakunda akashukuru, akakunja kitenge chake, akashuka. Mimi nilirudi Same nikiwa nimeshindwa. Nilianza hata kuandika barua ya kuomba kisima cha kuchimba, mkijua wenyewe barua kama hizo hukaa wapi.

Pembe la msaragambo wa Kwenguzi lilipigwa wiki tatu baadaye. Nilikwenda kwa sababu ni kazi yangu kwenda. Ndiva imefunguliwa, tope la mfereji limelala juu ya saruji yangu kufika magotini, watu wanakuja mmoja mmoja na majembe. Ndipo nikawaona wanatokea kwenye mshitu, wamepanda ile njia ya maji isiyo na mtaro, wanawake wa Mkuyuni na wanaume wachache, makarai kichwani, Mama Nakunda mbele. Hawakusalimia kwa maneno mengi. Walivua kandambili, wakazipanga kwenye tuta, wakaingia.

Mtu mmoja wa Kwenguzi akapiga kelele, "Nyie mmealikwa na nani?" Mama Nakunda hakuinua kichwa. "Pembe limesikika mpaka chini," akasema, akampa karai lililojaa alipokee. Na yule mtu akalipokea; karai likishakuja mkononi unalipokea.

Walizoa mpaka mchana. Walizoa kuliko wenyeji, lazima niseme, maana wenyeji tuna desturi ya kupumzika tukijadili. Kazi ilipokwisha, Mzee Elisante akafungua daftari akaanza kuandika waliohudhuria, kama desturi. Akafika kwao. Akasimama. Nilimwona anamtazama Mama Nakunda, kisha daftari, kisha shamba lake kule chini lenye mabua ya mahindi. Angeweza kufunga daftari, na hakuna ambaye angemshtaki popote. Mimi nilishika tuta kwa mikono.

"Jina," akasema.

"Andika Mkuyuni," Mama Nakunda akajibu. "Sote."

Akaandika. Akagonga muhuri. Akauliza kwa sauti kavu, "Zamu yenu mnaitaka siku gani, na mtaro gani? Mtaro wa kufika kwenu haupo. Mkiuchimba, jua litayanywa maji njiani."

"Hatutaki mtaro, baba. Tunataka njia yetu ya zamani."

Mzee Elisante akanigeukia mimi. "Fundi, umesikia mwenye zamu anavyotaka. Unangoja nini?"

Nikashuka ndani ya ndiva na mtaimbo na nyundo. Nilianzia upande wa chini, pale unyevu ulipokuwa unapenda kutokea, yaani kwenye kona ile ile yenye herufi zangu. Saruji yangu ilikuwa nzuri. Ilinichukua muda mrefu kuvunja ukanda wa upana wa majembe mawili, viganja vikatoka malengelenge, na Kwenguzi na Mkuyuni wakakaa tutani pamoja wakinitazama na kutoa ushauri. Hakuna kazi ya mikono niliyowahi kuifanya kwa furaha zaidi ya hiyo.

Kisha tukabishana ni kiasi gani kipite, ndipo fimbo ya Mzee Mgonja ilipofanya kazi yake. Walikubaliana kwamba Mkuyuni wana zamu moja kati ya sita. Jumapili, ndiva ikiwa imejaa, kizibo kimefungwa na mfereji umezibwa, maana hakuna anayemwagilia, tulisimika fimbo baada ya ibada na kuiangalia tena jua likizama. Ikishuka alama nne, tunaziba kidogo kwa udongo wa mfinyanzi. Ikishuka moja, tunachimbua. Jumapili ya tano ilishuka alama mbili, Mzee Elisante akapiga hesabu yake kwenye daftari, mbili katika alama kumi na mbili za ndiva iliyojaa, akasema hiyo ndiyo haki. Mashamba manne ya mwisho yalipata maji pungufu kuliko mwaka wa mahindi mengi, na mengi kuliko zamani. Alikaa nalo hilo mpaka alipofariki, na sikumsikia akinung'unika. Lakini debe la mahindi hakuniletea tena.

Mkuyuni walisubiri. Maji ya chini hayana haraka. Zilipita mvua za vuli, ukaja ukavu wa mwanzo wa mwaka, na mimi nilikuwa nashuka kila baada ya wiki mbili kutazama shimo, nalikuta vile vile, naondoka. Baadhi ya watu walihama kweli. Nyumba tatu zilifungwa, na sikuweza kuzifungua. Siku moja kabla ya Pasaka nilikuta hakuna foleni. Mama Nakunda alikuwa anafua mashuka. Aliniona, akaelekeza kidole kwenye shimo, akaendelea kufua.

Tangu hapo nimefanya ndiva nyingi, na zote mnazijua. Kila moja niliifuata mpaka chini, hata pale ofisi iliponiambia gari halipo. Nilikuwa fundi mzuri kabla ya Kwenguzi. Baada ya Kwenguzi nilikuwa fundi mzuri anayetembea zaidi.

Sasa Zawadi, hapa nakutaja, usinikasirikie. Miezi mitatu kabla sijastaafu uliniletea mchoro wa ndiva ya Kwenguzi kwenye kompyuta, umerusha droni, kila kona imepimwa, kazi nzuri kuliko yangu ya umri wako. Mlitaka kutandika karatasi nene la plastiki, na kwenye ule ukanda niliouvunja ulikuwa umeandika neno ambalo nalifahamu.

"Madam, hapa kuna uharibifu wa zamani," uliniambia. "Mtu alivunja sakafu. Tukiziba hapa tu, tunaokoa maji mengi sana. Data iko wazi."

Sikukuambia ni nani alivunja. Nilikuambia vaa mabuti. Tulianzia kwenye ukanda ule, tukapita mshitu, ukawa unauliza mtaro uko wapi, mimi kimya, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa Mzee Mgonja: sikuwa bahili wa maneno, pumzi tu ilinikatika. Tukatokea Mkuyuni. Mama Nakunda ni mzee sasa, anatembelea fimbo, lakini alikuwa pale shimoni anawasimamia wajukuu wanaochota. Ulimwamkia, akaitika, akakutazama mabuti.

"Huyu ndiye mpya?" akaniuliza.

"Ndiye, mama."

"Ameshaingia tope?"

Ulicheka, ukadhani ni utani. Msaragambo uliofuata nilikuwa nimeshastaafu, nikaenda na jembe langu mwenyewe, nikakukuta umetangulia, umezama magotini. Mgawa maji wa sasa ni binti wa Mzee Elisante, na daftari ni lile lile. Alituandika wote wawili, akauliza zamu zetu tunazitaka wapi, kwa kuwa hatuna shamba. Nikasema yangu ipite sakafuni. Wewe ukasema na yako.

Juzi uliniletea nyumbani mchoro mpya ili niukague, ingawa sina tena muhuri wa kuukagulia. Plastiki imetandikwa kuta zote na sakafu yote, isipokuwa upande wa chini, ukanda wa upana wa majembe mawili. Pale palipokuwa na "upotevu", umefuta, ukaandika "Mkuyuni".